Chungu Kimoja, Maini Tofauti

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 wa Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kati yao, 125 walikufa. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa nyumbani yakiwa bado na unyevu, na kuvu aitwaye Aspergillus flavus akastawi humo.

Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 ambao hawakuugua. Wingi wa sumu katika mahindi ulieleza mengi, kama ilivyotarajiwa. Lakini lilijitokeza jambo la pili: maambukizi ya homa ya ini aina ya B yalionekana zaidi katika damu ya waliougua.

Kisa hiki hukumbukwa kwa sababu ya sumu. Mimi hukitumia kuwajibu wanaouliza swali la upande wa pili: mbona mboga na matunda yanayosifiwa yanamfaa huyu, na yule haoni chochote? Jibu ni kwamba ini na utumbo hushughulikia kemikali za mimea na kuvu, njema na mbaya, kwa vimeng'enya ambavyo havilingani kati ya mtu na mtu. Sumukuvu ikifika kwenye ini, kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa kali zaidi, kiasi cha kushambulia DNA. Kingine huidhibiti ili itoke mwilini. Jeni, maradhi na lishe huamua kipi kitatangulia.

Ushahidi bora ninaoujua unatoka Qidong, China, ambako sumukuvu na homa ya ini B vilisumbua kwa miaka mingi. Watafiti waliwapa watu 200 kinywaji cha machipukizi ya brokoli kila usiku kwa wiki mbili. Nusu yao walipata chenye kemikali inayozaa sulforafani, ambayo huchochea vimeng'enya vya kuondoa sumu. Wengine walipata kisichokuwa nayo. Kwa wastani, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa alama za DNA iliyoshambuliwa na sumukuvu. Mwandishi wa vichwa vya habari angeishia hapo na kutangaza kwamba brokoli haifai kitu. Mkojo wa wanywaji, hata hivyo, ulionyesha kwamba mwili wa mmoja uliipokea sehemu ndogo mno ya kemikali hiyo na wa mwingine karibu nusu. Walioipokea zaidi ndio waliokuwa na alama chache za DNA iliyoshambuliwa.

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Kinywaji kilitengenezwa kwa maji ya moto, nayo yalikuwa yameua kimeng'enya cha mmea wenyewe, kwa hiyo kazi yote ya kuzalisha sulforafani ikaachiwa bakteria wa utumbo mpana, na kila tumbo lina bakteria wake. Sukuma wiki na kabichi ni za ukoo mmoja na brokoli. Zikate, uziache dakika kadhaa kabla ya kuzibandika, ili kimeng'enya chake kifanye kazi kabla ya moto kukiua. Kisha usizipike hadi zikalegea kabisa.

Muthokoi unanipa taabu zaidi. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kwenye kinu hadi ganda litoke, yakapepetwa, kisha yakapikwa na mbaazi au kunde. Kukoboa huko huondoa sehemu ya sumukuvu, maana nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Ila ganda hilohilo lina nyuzinyuzi zinazowalisha bakteria wa utumbo, na kemikali njema ambazo bila bakteria hao hazifunguki. Kwa Ukambani, yaani Makueni, Kitui na jirani zake, naona kukoboa ni sawa, mradi mbaazi zisikosekane chunguni, kwani nazo zina nyuzinyuzi tele.

Maembe ya Makueni nayo yana beta-karotini, ambayo utumbo huigeuza kuwa vitamini A. Wapo wanaorithi kimeng'enya kivivu, na hupata vitamini A kidogo hata wakila embe sawa na wenzao. Mwenye upungufu wa vitamini hiyo huigeuza beta-karotini kwa wingi zaidi. Mafuta pia husaidia: embe linaloliwa baada ya mlo wenye mafuta kidogo hufaa kuliko la tumbo tupu.

Hakuna mboga itakayoyasafisha mahindi yaliyoota kuvu. Yakaushe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, na yaliyobadilika rangi usiyale wala usimpe ng'ombe wa maziwa. Ama homa ya ini B iliyoonekana kwa wagonjwa wa 2004, Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo yake mwishoni mwa 2001. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata; nenda kituo cha afya ukapimwe, na kama huna virusi, uombe kuchanjwa.