Coccinelle, Renault 4, Starlet: magari madogo yaliyobeba familia na kuzitesa

Katika miji mingi ya mashariki na kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bado kuna viwanja vyenye gari dogo lisilotembea tena. Tairi zimekwisha upepo, kuku wanataga chini ya kiti, na mara kwa mara mnunuzi wa vyuma anapita kuuliza kama linauzwa kwa kilo. Jibu huwa lilelile: mzee hataki.

Hataki kwa sababu gari hilo lilipeleka mama kujifungua, likabeba mifuko ya makaa na unga, likapeleka watoto shule na wafu makaburini. Lakini mzee huyohuyo akianza kulisimulia, nusu ya habari ni malalamiko: mshahara ulioishia garaji, safari zilizokatika njiani, nguo ya Jumapili iliyochafuka mafuta. Kupenda na kuchoka vilikuja pamoja, na vilikuwa na chanzo kimoja: gari lilikuwa rahisi mno.

Coccinelle, gari lisilokunywa maji

Volkswagen Coccinelle ilitengenezwa kwa wingi kuliko karibu gari lolote lingine la karne ya 20: zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, Julai 2003. Injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa tu. Haikuwa na radiata ya kupasuka wala maji ya kuongeza, na kwa mtu anayepanda milima ya Kivu mchana wa jua, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mlio wake ulijulikana tangu kwenye kona. Watoto walijua baba amerudi kabla hajapiga honi.

Hata hivyo, hewa hiyo ilisukumwa na feni, na feni ilizungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya dinamo inawaka, na dereva ana muda mfupi tu wa kusimama kabla injini haijaungua. Waliodhani taa hiyo inahusu batri peke yake walilipa bei ya injini nzima. Ndiyo sababu waliozoea waliweka mkanda wa akiba ndani ya gari.

Batri yenyewe ilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Kifuniko chake kikipotea na abiria mzito akikaa pale, springi za kiti ziligusa vichwa vya batri na moshi ukaanza kutoka chini yake. Katika modeli nyingi, maji ya kuosha kioo yalisukumwa na upepo wa tairi ya akiba. Kioo kilisafishwa vizuri, lakini siku ya pancha, mwenye gari aliweza kukuta tairi ya akiba nayo imelegea.

Renault 4, gari la shamba na la mji

Renault 4 ilitoka mwaka wa 1961, wakati kampuni hiyo ikiongozwa na Pierre Dreyfus. Alitaka gari la kila kazi na la kila mtu, kama suruali ya jinzi. Hadi utengenezaji wake uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya magari milioni 8 yalikuwa yametoka.

Mlango wa nyuma ulifunguka wote na sakafu ilikuwa tambarare. Kiti cha nyuma kikitolewa, mbuzi, magunia au kitanda vilipata nafasi. Springi zake laini zilivumilia mashimo ambayo magari ya bei kubwa yaliyaogopa. Gia zilibadilishwa kwa mkono uliotoka kwenye dashibodi, ukivutwa na kusukumwa kama mpini wa mwavuli. Aliyejifunza kuendesha humo alipata taabu akipanda gari lingine.

Kuna jambo lililowasumbua mafundi wasiolijua gari hilo. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma si sawa pande zote mbili: upande mmoja umezidi mwingine kwa karibu sentimita 5. Kiwanda kilifanya hivyo makusudi ili vyuma vya springi vya nyuma vipate nafasi ya kukaa kimoja mbele ya kingine. Anayepima na kudhani chasi imepinda anaweza kuharibu gari zima kwa kulinyoosha.

Adui wake mkubwa alikuwa kutu. Katika sehemu zenye mvua nyingi, sakafu ilioza kutoka chini bila kuonekana, mpaka siku mguu wa abiria unapokaribia kugusa barabara.

Mlima, esansi na mdomo wa fundi

Jiografia nayo ilitesa magari haya. Bukavu iko kwenye kimo cha karibu mita 1,500, na Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, karibu nusu ya hapo. Katika kimo cha Bukavu, injini ya kabureta inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Gari lililorekebishwa vizuri Uvira lilipanda mteremko wa Ngomo likikohoa na kutoa moshi mweusi. Abiria walishuka, wakasukuma, wakapanda tena.

Kisha kuna esansi. Inayouzwa kando ya barabara kwa chupa na bidoni, kwa wale wanaoitwa Kadafi, mara nyingine huwa na maji au mafuta ya taa. Kwa gari la zamani, hilo lilikuwa tatizo la dakika chache: kufungua kabureta, kutoa jigleri, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu dogo, kulipuliza kwa mdomo na kuwasha tena. Buji zilisuguliwa kwa msasa na platini pia. Mtoto wa miaka 12 aliyeshika taa ya fundi usiku alijifunza yote hayo bila kwenda shule ya ufundi.

Vipuri vilikuwa habari nyingine. Baada ya biashara nyingi za wageni kuchukuliwa mwishoni mwa 1973, na zaidi baada ya uporaji wa 1991 na 1993, kupata kipande kipya kulikuwa kama kuwinda. Mafundi walichonga wenyewe, wakafua chuma na kukata raba kutoka tairi kuukuu. Gari lilitembea, lakini kila kipande cha kubahatisha kilileta ugonjwa mwingine.

Kutoka Ulaya hadi Japani

Baadaye zikaja gari ndogo za Japani zilizokwisha kutumika, hasa Toyota Corolla na Starlet, zikipitia Dar es Salaam na, kwa Lubumbashi, mpaka wa Kasumbalesa. Hazikuharibika sana, na vipuri vyake vilipatikana hadi sokoni. Familia nyingi zilipumua.

Lakini usukani wake uko kulia, katika nchi ambako magari yanapita kulia. Dereva anayetaka kupita lori haoni mbele mpaka gari lote liwe limetoka upande wa pili. Hivyo abiria wa mbele akawa macho ya dereva: "Ngoja, kuna kamioni... sasa pita!" Watu wanacheka wakikumbuka, ingawa kosa moja la abiria huyo lilitosha kuua.

Hapo ndipo kumbukumbu tamu zinapohitaji kupimwa. Coccinelle za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na breki za mfereji mmoja: bomba moja likipasuka, pedali inakwenda hadi chini na magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Mikanda ya kiti haikuwemo katika gari nyingi, na tangi la esansi lilikuwa mbele ya miguu ya abiria. Magari ya sasa yanalinda watu vizuri zaidi.

Yalichokuwa nacho ya zamani ni kwamba ugonjwa wao ulionekana kwa macho. Starlet za mwisho na zilizozifuata zinaendeshwa na vihisio na kompyuta. Esansi chafu inaziba pampu iliyo ndani ya tangi, taa ya injini inawaka, na asiye na mashine ya kusoma hitilafu anaanza kubadilisha vipande kwa kubahatisha, kwa pesa za mwenye gari.

Kwa hiyo, mwenye gari dogo la zamani asikimbilie kuliuza kwa kilo. Kwanza fundi aangalie sakafu na chasi kama kutu haijala, mabomba ya breki na mipira ya esansi kama haijapasuka, na nyaya za batri kama hazijachubuka. Vikiwa vibovu, vibadilishwe kabla gari halijawashwa, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama chasi imeoza, basi, lipumzike na kuku wake. Kama ni nzima, bado kuna la kuwafundisha vijana wa garaji: kutafuta chanzo cha tatizo kabla ya kununua kipande.