Kuhamia saikolojia kwa shahada ya uzamili (2): Chuo kipi, na kwa kipimo gani?

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba vyuo vikuu vya Uingereza vina kozi ya uzamili iliyotengwa kwa ajili ya mtu mwenye shahada ya fani nyingine, iwe sheria, ualimu, uuguzi au uhasibu, anayetaka kuhamia saikolojia. Ni mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote, na miwili au zaidi kwa anayesoma huku akifanya kazi. Swali tuliloliacha ni la kuchagua. Vyuo ni vingi, ada ni kubwa, na matangazo yao yote yana picha zilezile za vijana wanaocheka juu ya nyasi.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: amua kwanza nchi utakayofanyia kazi, kisha kazi yenyewe, halafu ndipo ushuke kwenye chuo. Wengi huanza na jina la chuo, wakaja kuulizia kazi wakati fedha zimeshalipwa.

Tumchukue mwalimu wa baiolojia aliyeko Morogoro, mwenye shahada ya ualimu na GPA ya 3.6. Amekaa miaka mingi na wanafunzi, ameona huzuni na hofu zao, na sasa anataka elimu ya kuwasaidia. Kama anakusudia kufanya kazi Uingereza, kipimo chake cha kwanza ni ithibati ya Chama cha Wanasaikolojia cha Uingereza, BPS. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1901 katika Chuo Kikuu cha London, University College, na kikapewa hati ya kifalme mwaka 1965. Ndicho kinachokagua kozi za saikolojia, na anayefaulu kozi yenye ithibati yake hupata sifa iitwayo kwa kifupi GBC. Sifa hiyo ndiyo inayodaiwa na kozi nyingi za juu zinazomfanya mtu kuwa mwanasaikolojia wa kliniki, wa elimu au wa magereza na mahakama.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu majina ya kozi yanafanana mno. Chuo kimoja kinaweza kuwa na uzamili wa saikolojia ya kliniki, uzamili wa afya ya akili, uzamili wa saikolojia ya watoto, na pembeni kabisa, uzamili wa kuhamia saikolojia. Mwalimu wetu akiona neno kliniki atalikimbilia, kwani ndiyo ndoto yake. Lakini kozi hizo tatu za kwanza kwa kawaida zimetungwa kwa ajili ya watu waliokwisha kusoma saikolojia katika shahada ya kwanza, na kwa mtu asiye na msingi huo hazitoi GBC hata akipata alama za juu kuliko darasa zima. Ithibati hutolewa kwa kozi, si kwa chuo kizima. Mwalimu wetu afungue orodha iliyoko kwenye tovuti ya BPS, atafute kozi kwa jina lake kamili, aangalie pia kama ithibati inahusu masomo ya darasani, ya mtandaoni, au yote mawili. Asipoiona humo, asiridhike na maneno ya mdomo. Aandike barua pepe kwa idara na adai jibu la maandishi.

Aelewe pia kwamba GBC si leseni. Tangu mwaka 2009 wanasaikolojia wanaohudumia watu Uingereza husajiliwa na baraza liitwalo HCPC, na vyeo kama mwanasaikolojia wa kliniki au wa ushauri nasaha vinalindwa kisheria. Anayejiita hivyo bila usajili anavunja sheria. Njia ya kawaida ya kuufikia usajili wa kliniki ni shahada ya uzamivu ya miaka mitatu. Huko England nafasi nyingi za shahada hiyo hugharimiwa na huduma ya afya ya taifa, NHS, na mwanafunzi hulipwa mshahara. Ndiyo maana zinagombaniwa vikali, na kwa kawaida hupewa wenye hadhi ya mkazi anayelipa ada ya ndani. Mgeni aliyefika kwa viza ya mwanafunzi hana budi kulitia hilo kwenye hesabu zake kabla hajapanda ndege. Kwa msomaji aliyeishi Leicester au Reading miaka mingi na mwenye haki ya kudumu ya kuishi huko, hesabu ni tofauti kabisa, na kwake kozi hii ina faida iliyo wazi.

Na kama mwalimu wetu anataka kurudi Morogoro? Hapo nitasema jambo ambalo mawakala wa vyuo hawatamwambia: huenda asihitaji kozi hii kabisa. Uzamili wa kuhamia saikolojia ni elimu ya nadharia na utafiti. Hatakaa na mgonjwa hata mmoja, wala hatasimamiwa na mtaalamu akiwa katika chumba cha ushauri. Anayetaka kuhudumia watu nyumbani anahitaji mafunzo ya vitendo, na yapo karibu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha uzamili wa saikolojia ya kliniki. Makerere nao wanafundisha, na Nairobi zipo kozi za kliniki na za ushauri nasaha katika vyuo vya umma na vya binafsi. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili. Anayekusudia kufanya kazi huko aisome sheria hiyo kabla ya kusoma kitabu cha matangazo cha chuo chochote cha ng'ambo. Kwa Tanzania, shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ili itambuliwe. Swali la kama itatambuliwa, hasa kwa kozi ya mtandaoni, liulizwe kabla ya kulipa ada ya kwanza, na jibu lihifadhiwe.

Tubaki basi na yule ambaye, baada ya kuyapima yote hayo, bado anaona kozi hii inamfaa. Huenda anataka utafiti, au uzamivu, au kazi ya sera na mashirika, au ana makazi Uingereza. Kwake vyuo vyenye ithibati vinafundisha mambo yaleyale makuu, kwa sababu BPS ndiyo inayoyataka: saikolojia ya mwili na ubongo, ya utambuzi, ya makuzi, ya jamii, ya tofauti za watu, pamoja na mbinu za utafiti na historia ya fani yenyewe. Krediti ni 180, na kwa kawaida 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Tofauti kati ya chuo na chuo iko katika namna wanavyofundisha takwimu na namna wanavyosimamia tasnifu. Hapo ndipo ningemshauri mtu atumie muda wake wa kuchunguza.

Takwimu huwaangusha wengi waliotoka fani za sanaa, na si kwa kukosa akili. Kozi inakimbia, na mtu anakutana na uchambuzi wa data wiki ya pili wakati hajagusa hesabu tangu kidato cha nne. Uliza wanatumia programu gani. SPSS inalipiwa, na leseni ya chuo kwa kawaida huisha ukishahitimu. R na JASP ni za bure, na utaendelea kuzitumia ukiwa nyumbani bila kumwomba mtu. Idara ya saikolojia ya Glasgow imeweka masomo yake ya R mtandaoni bure kwa jina la PsyTeachR. Mtu aliyeko Dodoma anaweza kuyafungua leo jioni na kujipima mwezi mzima kabla hajatuma maombi popote. Sijui zawadi nyingine ya chuo inayomfaa msomaji wetu kuliko hiyo.

Tasnifu ni nzito zaidi, kwani hakuna GBC bila kufaulu mradi wa utafiti. Mwanafunzi wa muda wote huifanya hasa kati ya Juni na Septemba mapema. Msomaji wetu hutamani kukusanya data nyumbani: kuhoji walimu wa Mbeya, au akina mama wa Kilifi. Ni wazo jema, lakini litazame kalenda. Kibali cha maadili cha chuo kitahitajika, na juu yake kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa Tanzania, pamoja na cha taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, kama utafiti unagusa afya. Kwa Kenya ni leseni ya tume yao ya sayansi, NACOSTI. Vibali hivyo vinaweza kula majira yote ya joto ya Ulaya huku mwanafunzi akisubiri. Kwa hiyo ulizia chuo kinachogawa wasimamizi mapema, Novemba au Desemba, na kinachoruhusu kutumia data zilizokwisha kukusanywa. Majibu ya maswali hayo mawili yana uzito kuliko nafasi ya chuo katika jedwali lolote la ubora.

Ulizia pia nani yuko katika idara. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia walionyesha jinsi fani hii ilivyojengwa juu ya watu wachache: katika majarida makuu, asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Idara isiyolizungumza hilo itakufundisha tabia za wanafunzi wa Michigan ukadhani ni tabia za binadamu wote. Wakati huohuo, sehemu ya fani hii ilizaliwa kwetu, na wengi hawajui. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anatembelea familia 26 za vijiji vya jirani na Kampala, akisaidiwa na mkalimani, kuwatazama akina mama na watoto wachanga majumbani mwao. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967. Nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi, ambayo kila mwanafunzi wa kozi hii huisoma, mara nyingi hufundishwa kupitia majaribio yake ya baadaye ya Baltimore, na Uganda ikatajwa kwa sentensi moja au isitajwe kabisa.

Karibu zaidi na wakati wetu ni Benchi la Urafiki la Zimbabwe, lililoanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006. Akina bibi wa mitaani hufunzwa kuwasikiliza wenye sonona wakiwa wamekaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, na kipimo kilichotumika kilikuwa dodoso lililotungwa kwa Kishona tangu mwanzo. Mhadhiri anayeifahamu kazi kama hiyo ataelewa mwanafunzi akimwambia kwamba dodoso la Kiingereza haliwezi kupelekwa Tandahimba likiwa limetafsiriwa usiku mmoja. Soma kurasa za wahadhiri, uone walichoandika miaka mitano iliyopita. Ukimpata hata mmoja anayefanya utafiti Afrika Mashariki, mwandikie.

Kuhusu mtandaoni au darasani, nitakuwa mfupi. Kozi za mtandaoni zenye ithibati zipo; Derby na Glasgow ni miongoni mwa vyuo vinavyozitoa. Zinamfaa mwenye kazi na familia, na ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ile anayotozwa mgeni wa darasani, lakini hazitoi viza. Anayekwenda Uingereza kwa viza ajue kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani kwa kawaida haruhusiwi kuandamana na mwenzi wala watoto, na kwamba atalipa pauni 776 kwa mwaka za huduma ya afya, mbali na ada, pango na nauli. Kwa mzazi wa watoto wadogo, sharti hilo la kwanza pekee linaweza kuamua kila kitu, na sioni aibu yoyote kuliacha liamue. Mkazi wa London mwenye kazi ya mchana aiangalie Birkbeck, chuo kilichoanzishwa mwaka 1823 kwa ajili ya wafanyakazi na kinachojulikana hadi leo kwa masomo ya jioni.

Kuhusu fedha, ufadhili wa Chevening hugharimia uzamili wa kusoma muda wote huko Uingereza, unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka miwili hivi, na humtaka aliyefadhiliwa arudi nyumbani kwa miaka miwili. Haulipii masomo ya mtandaoni. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una tawi la masomo ya mbali, ila kwa kozi zilizochaguliwa tu, kwa hiyo orodha yao ya mwaka husika isomwe kwanza.

Neno kuhusu mawakala wa vyuo walioko Dar es Salaam na Nairobi. Wengi wao hulipwa na vyuo wanavyoviwakilisha kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Wanaweza kukusaidia fomu na viza, na baadhi yao ni watu waaminifu sana, lakini hawana sababu ya kukuonyesha chuo ambacho hakiwalipi.

Ukibakiwa na vyuo vitatu, mwandikie mkuu wa kozi wa kila kimoja, kwa ufupi na adabu. Muulize darasa la mwaka jana lilikuwa na wanafunzi wangapi, kila msimamizi anabeba tasnifu ngapi, mwanafunzi aliyefeli takwimu mara ya kwanza husaidiwaje, na wahitimu wasio raia wa Uingereza wako wapi sasa. Wapo watakaojibu wenyewe kwa siku mbili tatu, wakitaja namba. Wapo watakaokutumia kiungo cha tovuti uliyokwisha kuisoma. Panga orodha yako upya kwa kufuata majibu hayo.

Wiki ijayo: namna ya kuandika maelezo binafsi ya maombi, na jinsi ya kuomba barua za wadhamini.

Itaendelea.