Michezo ya Mikakati Inayozinduliwa Mbichi

Wachezaji wa gemu za mikakati wana ushauri wanaoupitisha kana kwamba ulishathibitishwa zamani: usiihukumu gemu siku ya uzinduzi, ngoja nyongeza zitoke. Ushahidi unaotajwa kwanza ni Civilization V. Ukikaguliwa kipengele kwa kipengele, ushahidi huo unathibitisha jambo dogo kuliko linalodaiwa, na yaliyofuata baada yake hayatulizi moyo.

Civilization V ilitoka Septemba 2010. Dini, ambayo toleo la nne lilikuwa nayo, haikuwemo. Ujasusi haukuwemo. Diplomasia ilikuwa tupu, na vipindi virefu vya mchezo vilipita mchezaji akibonyeza kitufe cha zamu inayofuata bila uamuzi wowote wa maana. Juni 2012 ikatoka Gods & Kings, dini na ujasusi vikarudi. Julai 2013 ikafuata Brave New World, iliyoleta njia za biashara, baraza la dunia, itikadi na namna mpya ya kushinda kwa utamaduni. Gemu iliyolaumiwa 2010 ikawa kipimo ambacho warithi wake wangali wanapimwa nacho.

Swali la kuuliza ni hili: nini hasa kilirekebishwa? Vyote vilivyotajwa vilikuwa pengo, na pengo hujazwa. Kasoro kubwa zaidi ya 2010 haikuwa pengo. Ilikuwa kanuni kwamba kikosi kimoja tu cha kivita ndicho kinachoweza kukaa kwenye kigae kimoja cha ramani. Mwanadamu huifurahia kanuni hiyo kwa sababu inamlazimisha apange safu. Kompyuta haikuweza kuimudu. Mji ukiwa kati ya mlima na ziwa, na njia ya kuufikia ikiwa na upana wa vigae viwili, jeshi la kompyuta hufika likiwa limejipanga kinyume: mitambo ya kubomoa kuta imetangulia bila ulinzi, askari wa mkuki wamekwama nyuma yake, wapanda farasi wanazunguka ziwa wakitafuta upenyo. Wapiga mishale watatu na kuta imara hulimaliza. Hali hiyo ilikuwepo 2010, na baada ya nyongeza mbili na masasisho mengi ilipungua bila kuondoka, kwa sababu kuiondoa kulihitaji kubadili kanuni ambayo ramani, kasi ya uzalishaji na bei ya kila kikosi vilikuwa vimejengwa juu yake.

Tofauti hii kati ya kinachokosekana na kilichojengwa vibaya ndiyo inayoamua. Nyongeza ni bidhaa. Ili iuzwe, lazima iwe na kitu kinachoonekana kwenye tangazo: taifa jipya, kiongozi mpya, mfumo mpya wenye kidirisha chake. Kurekebisha hesabu ya jinsi kompyuta inavyopima hatari ni kazi ya miezi isiyo na picha ya kuweka kwenye tangazo. Kwa hiyo fedha za nyongeza huvutwa upande wa kuongeza hata pale ugonjwa uko kwenye msingi. Na kila mfumo unaoongezwa ni chombo kingine ambacho kompyuta inapaswa kufundishwa kukitumia. Isipofundishwa vya kutosha, mwanadamu anapata silaha mpya na mpinzani wake anabaki na zile za zamani, hivyo nyongeza inaweza kuukuza udhaifu uleule uliofanya gemu ilaumiwe.

Kuna kikwazo cha pili ambacho mnunuzi hakioni. Nyongeza ni ya hiari. Msanifu wa nyongeza ya tano hawezi kuegemea mfumo wa nyongeza ya pili, kwa kuwa hajui nani aliinunua. Nyongeza kumi zinazouzwa kila moja peke yake huzaa michanganyiko 1,024 ya gemu moja, na hakuna studio inayoweza kuijaribu yote kwa kina. Matokeo ni mifumo inayokaa bega kwa bega bila kugusana, na hitilafu zinazojitokeza kwa wachezaji wa mchanganyiko fulani pekee.

Europa Universalis IV, ya Paradox ya Sweden, ilifika hapo. Ilikuwa na umri wa karibu miaka minane na rundo la nyongeza ilipotoa Leviathan, Aprili 2021. Hitilafu zilikuwa nyingi kiasi kwamba, kwa kura za wanunuzi, Leviathan ilishika mkia kati ya bidhaa zote zilizokuwa kwenye duka la Steam wakati huo, na viongozi wa studio wakaomba radhi hadharani. Nyongeza iliyofuata, Origins ya Novemba 2021, inamhusu moja kwa moja msomaji wa Kiswahili: ndiyo iliyoipa Kilwa, pamoja na Ethiopia, Mutapa, Kongo, Mali na Songhai, malengo na matukio yake yenyewe. Kabla ya hapo mchezaji aliweza kuichukua Kilwa mwaka 1444 na kuiendesha, lakini gemu haikuwa na mengi ya kusema juu yake. Dola iliyotawala biashara ya dhahabu ya Sofala hadi Wareno walipoiteka 1505 ilingoja miaka minane kupata maudhui yake, kisha ikayapata katika kifurushi cha kulipia, miezi michache baada ya anguko la Leviathan.

Lakini msingi unaweza kuchimbuliwa upya, na kesi ya Imperator: Rome inathibitisha hivyo. Paradox hiyohiyo iliizindua Aprili 2019. Kwa kilele, zaidi ya wachezaji 40,000 waliingia kwa wakati mmoja. Lawama iligusa kiini cha muundo: karibu kila tendo la dola lililipiwa kwa alama za mtawala, ukibonyeza mara moja kundi la watu linabadili dini au utamaduni papo hapo. Studio haikuficha kasoro hiyo kwa mapambo. Ndani ya mwaka uleule iling'oa mfumo wa alama hizo, na Februari 2021 ikatoa toleo la 2.0 lililojenga upya jeshi na sura nzima ya gemu. Sasisho lilikuwa la bure, na wakosoaji walikiri kwamba gemu imekuwa nzuri. Miezi miwili baadaye, Aprili 2021, Paradox ilitangaza kusimamisha maendeleo yake na kuwahamishia wafanyakazi kwenye miradi mingine. Ukarabati ulifaulu kiufundi ukashindwa kihesabu, kwa sababu wengi wa wale 40,000 walikuwa wameshaondoka.

Total War: Pharaoh ya Creative Assembly inarudia somo hilo kwa ukali zaidi. Ilitoka Oktoba 2023 kwa bei ya gemu kamili ikiwa na ramani finyu. Baada ya wanunuzi kuikataa, bei ilishushwa, waliotangulia wakarudishiwa sehemu ya fedha, na Julai 2024 ikaja Dynasties, upanuzi mkubwa uliotolewa bure. Sifa zilikuja. Umati haukuja.

Wakazi wa Bokoli na Webuye Magharibi kwa jumla, katika kaunti ya Bungoma nchini Kenya, wamekwisha kuona utaratibu wa namna hii katika jambo zito zaidi. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, mjini Webuye, kilifungwa 2009. Jaribio la kukifufua 2010 halikudumu, na 2016 kiliuzwa kwa kundi la Rai. Mitambo ilikuwa palepale. Kilichotawanyika ni mafundi, wauzaji wa miti, wapangaji wa nyumba na wafanyabiashara waliotegemea mishahara yao, na mtandao wa watu haurudi kwa kuwashwa swichi. Gemu za mikakati hutegemea mtandao wa aina hiyo kuliko gemu nyingine: wanaoandika miongozo, wanaotengeneza marekebisho ya hiari, wanaomfundisha mgeni asikate tamaa katika saa kumi za kwanza.

Upande wa pili wako waliofaulu, nao wachunguzwe kwa kipimo kilekile. Total War: Rome II ilizinduliwa Septemba 2013 ikiwa na zamu zilizochukua dakika nzima kukamilika na majeshi yaliyosimama bila kujua la kufanya. Ilirekebishwa kwa mfululizo wa masasisho, kisha Emperor Edition ya Septemba 2014 ikawapa wamiliki wote toleo lililokarabatiwa bila malipo. Nyongeza za kulipia zilizokumbukwa vizuri, kama Desert Kingdoms ya 2018 iliyoleta Kush, zilikuja juu ya msingi uliokwisha kutengenezwa. Mpangilio wa nyongeza hizo ndio wenye uzito: msingi kwanza, bure, kwa wote, mauzo baadaye. Colossal Order ya Finland, na Paradox kama mchapishaji, walifanya kinyume kwa Cities: Skylines II. Gemu ilitoka Oktoba 2023 ikiwa nzito hata kwa kompyuta za bei kubwa na uchumi wake ukiwa na kasoro. Machi 2024, kabla hayo hayajatengenezwa, wakauza Beach Properties, kifurushi cha majengo ya ufukweni. Hasira ilikuwa kubwa hadi mwezi uliofuata kikafanywa cha bure na waliolipa wakarudishiwa fedha zao. Novemba 2025 ikatangazwa kwamba gemu itahamishiwa studio nyingine.

Kwa mnunuzi wa Bungoma au Kitale gharama ya mfumo huu ni kubwa kuliko bei iliyoandikwa. Civilization VII ilitoka kwa dola 70, karibu shilingi 9,000 za Kenya kwa ubadilishaji wa 2025. Toleo lenye nyongeza za mwanzo ndani yake liliuzwa dola 130, karibu shilingi 16,800. Kulipa kumerahisishwa na kadi ya mtandaoni ya M-Pesa iliyoanza 2022, lakini urahisi wa kulipa haupunguzi bei. Baada ya bei kuna bando. Gemu kama Total War: Warhammer III inadai zaidi ya GB 100 kwenye diski, na kila sasisho la ukarabati ni data nyingine ya kununuliwa. Mwenye laini ya faiba Nairobi halioni sasisho kama gharama. Anayetumia simu kama kituo cha intaneti huliona kila mara.

Kisha kuna wasiolipa, na ni wajibu wa mchambuzi kuwataja kwa kuwa ni sehemu ya hali halisi. Gemu nyingi hufika kwenye laptopu za mitumba kwa flashi, kutoka kwa rafiki au duka la saiba. Nakala ya namna hiyo imeganda katika toleo ilipovunjwa ulinzi wake, mara nyingi karibu na siku ya uzinduzi. Haisasishwi. Kwa mchezaji huyo ahadi ya kukombolewa na nyongeza haipo kabisa: gemu mbichi ya siku ya kwanza ndiyo gemu. Na hata mwenye nakala halali hugundua kwamba nyongeza huongeza mzigo wa hesabu kila zamu, hivyo mashine iliyobeba toleo la msingi kwa shida hulemewa na toleo lililoboreshwa.

Athari pana zaidi iko kwa wachapishaji. Kila ukombozi unaofaulu huingia kwenye hesabu zao kama uthibitisho kwamba uzinduzi mbichi unasameheka. Tarehe ya uzinduzi hupangwa na mwaka wa fedha, na kinachopungua hupewa jina la mpango wa baadaye. Mnunuzi naye hujifunza kungoja. Akingoja, mauzo ya mwanzo hushuka, na mauzo ya mwanzo ndiyo yanayoamua kama fedha za ukarabati zitatolewa. Pande zote mbili zinafuata mantiki safi, na mantiki hizo zikikutana zinapunguza uwezekano wa gemu yoyote kufika kwenye ile nyongeza ya pili iliyoiokoa Civilization V.

Civilization VII ilijaribiwa na mzunguko huo mwaka 2025. Ilizinduliwa Februari 11, 2025, na waliolipia matoleo ghali wakaingia siku tano mapema. Ilikuja na Buganda katika gemu ya msingi, na jengo kuu la makaburi ya Kasubi likiwa miongoni mwa maajabu ya kujengwa, heshima ambayo eneo letu la Afrika Mashariki halijaizoea. Uingereza haikuwemo, iliuzwa mwezi uliofuata ndani ya kifurushi. Lakini lawama kuu haikuwa pengo. Gemu ilitoka ikiwa imegawanywa katika enzi tatu, na kila enzi ilipoisha mchezaji alilazimika kuliacha taifa lake na kuchukua jingine, kwa hiyo Buganda haikuweza kuanza mwanzo wa historia. Wengi waliikataa kanuni hiyo, na kwa miezi mingi ya 2025 Civilization VI, ya 2016, ilikuwa na wachezaji wengi zaidi kwenye Steam kuliko mrithi wake.

Mwishoni mwa 2025 Firaxis, studio inayoitengeneza, ilieleza kwamba inajaribu njia ya kumruhusu mchezaji abaki na taifa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo linagusa msingi: kila taifa lilisanifiwa kwa enzi moja, kwa vikosi vya enzi hiyo, majengo ya enzi hiyo na malengo yanayofutwa enzi inapogeuka, na kompyuta ilifundishwa kucheza hivyo. Ilikuwa kazi ya aina ya Imperator, nayo iliachiwa studio iliyopunguza wafanyakazi wake Septemba 2025.