Kijapani cha Kuanzia: Salamu, Herufi na Maneno ya Kila Siku

Mzungumzaji wa Kiswahili anayehamia Japani huingia na mtaji tayari mdomoni. Kijapani kina vokali tano kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia kwa vokali. Maneno kama sakana, yaani samaki, mizu, maji, na tamago, yai, hayamsumbui kuyatamka mtu wa Tanga wala wa Bukavu. Kwa hiyo nguvu zake azipeleke kwingine: kwenye urefu wa sauti, adabu ya salamu na, zaidi ya yote, kusoma.

Urefu wa sauti ndio mtego wa kwanza. Obasan ni shangazi au mama wa makamo. Obaasan ni bibi. Biru ni jengo, biiru ni bia. Hapa vokali ndefu tumeziandika mara mbili, kama tunavyotenganisha kata na kataa. Nayo u ya mwisho katika desu na masu humezwa, ikabaki kama des na mas.

Salamu

Usitafute "habari za nyumbani, habari za kazi". Salamu ya Kijapani hufuata saa: ohayoo gozaimasu asubuhi, konnichiwa mchana, konbanwa jioni, na oyasuminasai wakati wa kwenda kulala. Ohayoo peke yake ni ya marafiki na watoto. Kwa bosi au jirani mzee, itamke yote huku ukiinama kidogo.

Nyingine huenda mbili mbili, mfano wa shikamoo na marahaba. Anayetoka nyumbani husema ittekimasu, anayebaki hujibu itterasshai. Anayerudi husema tadaima, naye hupokewa kwa okaerinasai. Kabla ya kula ni itadakimasu, baada ya kula ni gochisoosama deshita. Kazini, ukitangulia kuondoka, waage wenzako kwa osaki ni shitsurei shimasu, nao watakujibu otsukaresama desu.

Kujitambulisha ni sentensi tatu: Hajimemashite. Juma desu. Yoroshiku onegaishimasu. San, inayofuata jina la mtu, ni ya kumheshimu mwenzako, kwa hiyo usiiweke kwenye jina lako mwenyewe. Neno anata, yaani wewe, liepuke pia. Mwite mtu kwa jina lake la ukoo na san.

Herufi

Mwandiko ni wa aina tatu, nazo huchanganywa katika sentensi moja. Hiragana ina herufi za msingi 46, kila moja ikibeba silabi. Katakana ina idadi hiyohiyo na sauti zilezile, ila hutumika kuandika maneno ya kigeni na majina ya wageni, likiwemo lako. Kanji zilitoka China, na orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina 2,136.

Wengi hukwama kwa sababu wanaendelea kusoma Kijapani kwa herufi za Kilatini. Hizo zitakufikisha stesheni, lakini barua ya shule ya mtoto na kalenda ya takataka mara nyingi hazinazo. Anza na hiragana mpaka uisome bila kusita, kisha katakana. Hapo utagundua kwamba basu ni basi, hoteru ni hoteli na koohii ni kahawa.

Kanji zichukue kwa mahitaji: 入口 ni pa kuingilia, 出口 pa kutokea, 男 wanaume, 女 wanawake. Asiyekula nguruwe aitafute 豚 kwenye pakiti ya chakula, pamoja na ラード, mafuta yake. Asiyetumia pombe aikariri 酒.

Dukani na mtaani

Ikura desu ka huuliza bei. Kore o kudasai ni "nipe hii". Sumimasen huomba radhi na pia humwita mhudumu. Usipoelewa sema wakarimasen, kisha moo ichido onegaishimasu, uambiwe tena. Vitu huhesabiwa kwa umbo, vyembamba virefu kwa hon, bapa kwa mai. Aliyelelewa na ngeli hatashangaa. Kwa kuanzia, hitotsu, kimoja, na futatsu, viwili, vitakutosha dukani. Moeru gomi ni takataka za kuchomwa, nazo zina siku zake. Namba za dharura ni 119 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi.

NHK World ina masomo ya Kijapani yanayofundishwa kwa Kiswahili. Anayetaka cheti aanze na N5, ngazi ya chini kabisa ya JLPT, mtihani wa lugha ya Kijapani, ambao huko Japani hufanyika Julai na Desemba. Miji mingi pia ina madarasa ya watu wanaojitolea, bure au kwa ada ndogo. Mgeni mwenye kadi ya ukaazi hutakiwa kuandikisha anwani yake ndani ya siku 14 tangu apate makazi. Ukienda ofisi ya manispaa kwa shughuli hiyo, usiondoke kabla hujauliza: Nihongo kyooshitsu wa doko desu ka? Darasa la Kijapani liko wapi?