Kazi iliyochaguliwa kabla mwanafunzi hajaulizwa

Katika shule nyingi za Tanzania, kazi ya mtoto kiziwi hujulikana kabla mwenyewe hajaulizwa. Wa kiume ataingia useremala, wa kike atakaa kwenye cherehani. Asiyeona akifaulu vizuri ataelekezwa ualimu wa Historia au Kiswahili. Asipofaulu atarudi kijijini kwa wazazi. Mwenye ulemavu wa akili atafundishwa kusuka vikapu na mazulia ya mlangoni, na akishavuka umri wa kukaa kwenye kitengo cha elimu maalumu atarudishwa nyumbani, vikapu vyake vikibaki ofisini kwa mwalimu mkuu kuonyeshwa wageni. Hakuna kikao kilichoandika orodha hiyo. Lakini walimu, wazazi na maofisa wanaijua kwa kichwa, na mwanafunzi huipokea mapema kuliko wote.

Sisemi kwamba useremala ni kazi duni. Randa na cherehani vimesomesha watoto wa watu, na vyuo kama Yombo cha Dar es Salaam na Sabasaba cha Singida vimewafungulia njia vijana ambao wasingepokelewa kwingine. Ninachokikataa ni jinsi uamuzi unavyofikiwa. Jina la ulemavu ndilo linalochagua kazi. Mikono ya mtoto, akili yake, anachokipenda na soko la mahali anapoishi havihesabiwi. Tena orodha ya namna hiyo ikishazoeleka hupitwa na wakati bila mtu kushtuka. Zamani asiyeona aliyesoma aliweza kuajiriwa kuwa opereta wa simu, akaketi kwenye swichibodi ya ofisi na mwisho wa mwezi akapokea mshahara kama wenzake. Simu za mkononi zikaja, swichibodi zikaondolewa, na nafasi ile haikuzibwa na kazi nyingine. Wakati huohuo simu hizohizo leo zinasoma maandishi kwa sauti. Kijana asiyeona aliyezoezwa anaweza kujibu barua pepe, kupokea malalamiko ya wateja au kuhariri vipindi vya redio. Ni wangapi wanaambiwa hivyo wakiwa kidato cha kwanza?

Watoto wasio na ulemavu hawafundishwi kazi zilizopo duniani, wanaziokota tu. Mtoto yuko sebuleni anamsikia mjomba akilalamika kwamba bosi amekata posho. Yuko kwenye daladala anasikia dereva na kondakta wakipiga hesabu za tajiri. Anatumwa dukani, anasubiri chenji, anaona jinsi mwenye duka anavyoandika madeni kwenye daftari. Akifika kidato cha pili ana habari za kazi tele kichwani, hata kama hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia lolote.

Kiziwi aliyezaliwa katika nyumba ya wanaosikia, ambako hakuna ajuaye lugha ya alama zaidi ya ishara za kula na kulala, hayapati mazungumzo hayo. Anamwona baba akitoka asubuhi na kurudi jioni. Huko anakokwenda anafanya nini, hajui. Asiyeona anaisikia mashine ya kusaga kila siku, lakini hajawahi kushikwa mkono siku mashine imezimwa, akapapasa, akaambiwa mahindi yanaingilia hapa na unga unatokea hapa. Na mwenye ulemavu wa akili haagizwi dukani. Wadogo zake wanaagizwa, yeye anaachwa kwa kuogopa kwamba atapoteza hela. Miaka inapita bila kujifunza kuhesabu chenji, kusalimia wakubwa, kusubiri zamu na kukumbuka alichotumwa. Halafu akifika umri wa kujitegemea tunasema huyu hawezi kuuza duka.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu kubwa. Elimu ya kazi kwa watoto hawa haiwezi kuwa kipindi kimoja cha ushauri nasaha mwaka ambao mwanafunzi wa kidato cha nne anajaza Selform, fomu ya kuchagua masomo na vyuo. Kile ambacho wenzao wamekiokota bure majumbani na barabarani, wao wanapaswa kukipata shuleni kwa makusudi, tena kuanzia shule ya msingi. Mwalimu awatoe nje ya geti: sokoni, posta, zahanati, gereji, jikoni kwenye hoteli ya jirani. Kiziwi aende na mtu anayejua lugha ya alama, ili naye amuulize fundi maswali yake badala ya kusimama na kutazama. Asiyeona apewe spana mkononi, afungue nati mwenyewe, anuse oili. Ziara moja haitoshi. Mtoto arudi palepale mpaka fundi amzoee na amjue kwa jina.

Kwa mwanafunzi mwenye ualbino jambo hili linagusa uhai wenyewe. Ngozi yake haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na saratani ya ngozi imewaondoa wengi wakiwa bado vijana. Anayeacha shule akaangukia kibarua cha shamba, ujenzi au kutembeza mitumba juani, amepata kazi inayomdhuru kila siku anayokwenda. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na ni msaada mkubwa. Hata hivyo losheni peke yake haiwezi kumlinda mtu anayeshinda na jembe juani kutwa nzima. Mwalimu anayemshauri mwanafunzi huyu azungumze naye habari za kivuli bila kuona haya: kazi hii inafanyikia wapi, saa ngapi, na maandishi yake yana ukubwa gani, maana wengi wao wana uoni hafifu pia.

Mifano ya kuigwa ya watu wenye ualbino ipo. Salum Khalfan Barwany alichaguliwa na wananchi kuwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010. Dk. Abdallah Possi, mwanasheria, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, na baadaye akaiwakilisha nchi Ujerumani akiwa balozi. Wanafunzi wawajue. Lakini ningefurahi zaidi wakimjua karani, mfamasia au fundi simu mwenye ualbino wa wilaya yao wenyewe, mtu ambaye wanaweza kumfuata Jumamosi wakamuuliza alianzaje na nani alimkatalia.

Nyumbani nako kuna kazi ya kufanya. Walimu wa vitengo wanayajua mazungumzo haya, kwa kuwa hujirudia kila mwisho wa mwaka. Mama anafika shuleni, binti yake amesimama pembeni.

"Mwalimu, huyu mwanangu mtamtafutia chuo gani?"

"Mama Rehema, yeye mwenyewe anataka nini?"

"Ah, mwalimu, huyu atajua nini? Nyie ndio mnajua."

Mama huyu anampenda mwanawe. Ila tangu mtoto yuko mgongoni amekuwa akiambiwa na hospitali, majirani na mawifi kile ambacho mtoto hawezi. Hajawahi kupewa karatasi inayosema anachoweza. Shule ingekuwa na jalada la kila mwanafunzi tangu darasa la tano, lenye kazi alizozijaribu, alichofanya kwa kusaidiwa, alichofanya peke yake, kilichomchosha na kilichomfanya akatae kuondoka, mazungumzo yangeanzia kwingine. Jalada hilo halihitaji lugha ya kitaalamu. Mwalimu anaweza kuandika hivi: anapanga vifaa kwenye rafu kwa rangi na ukubwa bila kukosea, kelele za mashine zinamvuruga, akipewa maagizo matatu kwa mpigo anasahau la pili, lakini akionyeshwa kwa picha hasahau hata moja. Mwajiri akisoma maelezo hayo anajua ampangie nini Jumatatu asubuhi. Akisoma cheti kilichoandikwa "ulemavu wa akili" peke yake, hajui chochote.

Kuna mpango wa Marekani uliojengwa juu ya wazo hilohilo. Mwaka 1996 Erin Riehle, muuguzi aliyekuwa akiongoza idara ya dharura katika Hospitali ya Watoto ya Cincinnati, alikuwa na shida ya kawaida ya hospitali: kazi ya kujaza upya vifaa ilikuwa haikaliwi, kila aliyeajiriwa aliondoka baada ya muda mfupi. Akajiuliza kwa nini isifundishwe kwa vijana wenye ulemavu wa akili, ambao wengi wao wakishajua utaratibu wanaufuata kwa uaminifu. Ndivyo ulivyozaliwa mpango wa Project SEARCH, ambao sasa upo katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwamo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huhamishia darasa lake mahali pa kazi. Asubuhi anakuwa na mwalimu, kisha anaingia idarani, na kabla mwaka haujaisha amepita idara tatu tofauti. Anajifunza kazi palepale inapofanyika, mbele ya watu wanaoweza kumwajiri. Hospitali zetu za rufaa za mikoa zina stoo, zina masijala ya mafaili, zina chumba cha kufulia na jiko.

Na hapa kwetu si kwamba hatujaona kwa macho. Iringa mjini, mwaka 2003, mradi wa Neema Crafts wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ulianza na vijana viziwi watatu waliotengeneza karatasi kwa kutumia kinyesi cha tembo. Baadaye zikaongezwa karakana nyingine, ufumaji na shanga zikiwamo, pamoja na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye kikaratasi, anampa mhudumu, na akitaka anajifunza alama ya asante kabla chai haijafika. Msomaji fikiria alivyozoea mtoto kiziwi: duniani yeye ndiye anayehangaika kueleweka. Hapo mteja anayesikia ndiye anayetafuta namna ya kueleweka, na biashara inakwenda. Mwanafunzi kiziwi akipelekwa pale kwa siku moja ya shule, ile orodha ya useremala na ushonaji inavunjika mbele ya macho yake.

Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeleta mkondo wa amali katika sekondari sambamba na mkondo wa jumla. Ni nafasi ambayo watoto hawa hawajawahi kuipata, nami naiombea ifanikiwe. Hofu yangu iko kwenye karakana zenyewe. Meza ya kazi imewekwa urefu gani kwa anayetumia kiti mwendo? Mwalimu wa umeme anapoeleza hatari ya waya ulio na moto huku amegeukia ubao, kiziwi amejuaje? Je, michoro ya ufundi ipo ya kupapasa? Mambo haya yasiposhughulikiwa sasa, wakati karakana zinajengwa na vifaa vinanunuliwa, mkuu wa shule atajikuta anamrudisha mtoto kwenye mkondo wa jumla "kwa usalama wake".

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Waajiri wanasema hawawapati wenye sifa. Shule zinasema waajiri hawawataki. Pande hizi mbili hazijawahi kukaa meza moja wakati kijana bado yuko darasani, na hapo ndipo pa kuanzia. Ofisa elimu wa wilaya anaweza kuziandikia taasisi zilizo jirani, kuanzia halmashauri yenyewe, akaomba nafasi za mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wa vitengo na wa sekondari: siku moja kwa wiki, kwa muhula mzima.

Kitakachokwamisha ni kitu kidogo. Mwanafunzi anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, kiziwi anahitaji mkalimani kwa siku za mwanzo, asiyeona anahitaji mtu wa kumzoesha njia mpaka aijue kwa fimbo yake. Mwalimu mkuu hana kifungu cha fedha hizo, kwa hiyo anazitoa mfukoni au anaacha. Halmashauri zinapopanga bajeti ya mwaka ujao ziandike kifungu hicho kwa jina lake, na madiwani wakikaa waulize kimetumikaje na ni wanafunzi wangapi waliokwenda kazini.