Je, Wajua Prometheus Hukataa Agizo Bovu Bila Kukupigia Kengele?

Wengi wanaotunza mitandao huamini kwamba programu ya ufuatiliaji ikinyamaza, mambo ni shwari. Imani hiyo ni ya hatari, hasa kwa mitandao ya jamii. TunapandaNET, uliozaliwa katika Taasisi ya Tunapanda huko Kibera, huunganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi ya redio. Mtandao wa aina hii hauna ukumbi wa wahandisi wanaokesha kwa zamu. Una vijana wachache, na jicho la vijana hao linapaswa kuwa programu.

Ninayoipenda mimi ni Prometheus, ya bure, iliyoanza kuandikwa mwaka 2012 katika kampuni ya muziki ya SoundCloud, Berlin. Kila dakika 1, usipoipangia vingine, hukiendea kila kifaa kilichoorodheshwa na kuchukua vipimo vyake. Orodha yenyewe imo katika faili la prometheus.yml.

Sasa itazame tabia yake. Tuseme mtandao umevuka hadi Kawangware, na fundi anataka kuongeza antena ya pale. Anafungua faili, anaandika mistari miwili, lakini anaisogeza kwa kitufe cha Tab badala ya nafasi za kawaida. YAML, lugha ya faili hilo, haikubali Tab mahali hapo. Fundi anaituma Prometheus ishara ya SIGHUP ili isome upya. Inasoma, inakataa, inaandika malalamiko kwenye logi, kisha inaendelea na orodha ya zamani. Haizimi. Vifaa vya Makina na Laini Saba, kule Kibera, bado vinaonekana vizima kwenye skrini. Antena ya Kawangware haimo kabisa, hivyo hata ikianguka usiku hakuna kengele itakayolia. Ni kama bawabu aliyepewa daftari jipya lisilosomeka, akashika la jana bila kumwambia mwenye nyumba.

Uamuzi huo wa waandishi wake nautetea. Afadhali ulinzi wa nusu kuliko kuacha vifaa vyote bila mlinzi kwa sababu ya herufi moja. Balaa huja stima ikipotea. Orodha ya zamani ilikuwa kwenye memori tu, nayo imefutika. Seva ikiwaka tena, Prometheus inarudi kwenye faili lile lile bovu, na safari hii inakataa kuanza. Huenda wiki kadhaa zimepita, aliyekosea amesahau, na kila mtu anaapa kwamba stima ndiyo iliyoua mashine. Kompyuta nzima inatupwa kwa ajili ya Tab moja!

Nagios, mkongwe wa programu za ufuatiliaji aliyeanza mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, ina mtego wake pia. Ukiielekeza kwenye folda, husoma faili zinazoishia na .cfg pekee. Liite lako kawangware.conf, italipita bila neno.

Linalonikera ni kwamba wafadhili wako tayari kununua antena mpya, lakini hawalipii saa za kumfundisha kijana kusoma logi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021, na ni jambo jema. Leseni haisomi logi.



Kwa hiyo, wewe unayetunza mtandao mtaani, kila ukigusa faili andika promtool check config prometheus.yml kabla ya kulipakia. Halafu weka kengele kwenye kipimo kiitwacho prometheus_config_last_reload_successful. Kikisoma 1, faili lako limekubaliwa. Kikisoma 0, limekataliwa, hata kama skrini nzima ni ya kijani.