Gari Likikung'alia Macho: Namna ya Kulitambua na Kulitunza Lancia Delta Integrale

Labda wewe ni mmoja wa wale waliosimama kando ya barabara za vumbi za Kenya kungojea magari ya Safari Rally. Kama ulikuwapo mwaka 1988, 1989 au 1991, uliliona likipita gari moja fupi la Kiitaliano, lenye mabega mapana, na mlango wa nyuma ufungukao kwenda juu. Hilo ndilo Lancia Delta Integrale. Miki Biasion alishinda nalo Safari miaka miwili ya kwanza, na Juha Kankkunen ule wa 1991. Tena, tangu 1987 hadi 1992, magari ya Delta yaliipatia Lancia ubingwa wa dunia wa rali mara sita mfululizo.

Gari hilo liliacha kuundwa mwaka 1994. Mbona basi nakuandikia habari zake leo? Sikiliza. Jamaa yangu mmoja afanyaye kazi Ulaya alilitamani tangu utoto. Akaliona moja lililokwisha kutumika, jekundu, linang'aa kama kioo. Hakuuliza mengi. Akatoa fedha alizokuwa akiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama yake. Wiki ya tatu mkanda wa ndani ya injini ukakatika njiani, na injini ikaharibika. Mama yake angali analala chini ya nyasi zinazovuja. Naandika ili mambo hayo yasikupate wewe, wala mwanao aliye mbali.

Kwanza, ujue unalolitazama. Delta ya kawaida ilitoka mwaka 1979, na huvutwa na magurudumu ya mbele tu. Integrale huvutwa na yote manne. Kwa hiyo usisome maandishi ya ubavuni, maana hayo hubandikwa na mtu yeyote. Inama, uchungulie chini. Ukikosa propela iendayo nyuma na difu yake, hiyo si Integrale.

Halafu utambue umri wake. Integrale ya kwanza, ya mwaka 1987, ina valvu 8 na nguvu za farasi 185. Gurudumu lake hushikwa na bolti 4. Ya mwaka 1989 ina valvu 16, na boneti yake imevimba katikati, kwa sababu injini ni ndefu zaidi kwenda juu. Ile iitwayo Evoluzione, ya mwaka 1991, ina bolti 5 kwa kila gurudumu, na bawa dogo juu ya mlango wa nyuma. Ya mwisho, ya mwaka 1993, ina nguvu za farasi 215. Bei zake hazilingani, basi angalia usiuziwe ya kwanza kwa bei ya mwisho. Zote ziliundwa na usukani wa kushoto. Ukikuta wa kulia, jua umehamishwa baadaye. Uliza ni fundi gani aliyeuhamisha, na kazi yake ikaguliwe.

Namba ya chasisi nayo sharti ilingane na ile ya kwenye karatasi. Huanza kwa herufi ZLA, nayo ina tarakimu 831 ndani yake. Zisipolingana, aga uende zako.

Sasa bodi. Injini mbovu hutengenezeka, lakini bodi iliyoliwa na kutu humaliza mfuko. Tazama kingo za kioo cha mbele, sakafu chini ya mazulia, na mahali springi za nyuma zinaposhikilia. Pitisha kidole kwenye pembe za paa, karibu na mlango wa nyuma. Gari hili lina nguvu nyingi, na bodi hupindwapindwa hata ikapasuka hapo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, huenda kuna jambo linalofichwa, maana injini iliyopashwa moto huficha makelele na moshi wake. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Kisha omba risiti ya mkanda wa taimingi. "Ulibadilishwa juzijuzi" si risiti. Hesabu ya kuwa haujabadilishwa, na gharama yake uipunguze katika bei.

Ukishalinunua, utunzaji wake si fumbo. Mkanda huo ni wa mpira, na mpira huzeeka hata gari likilala bandani. Usingoje zaidi ya miaka mitatu au minne. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na hayo ndiyo yaliyompata jamaa yangu. Oili badili mapema, kila kilometa 5,000 hivi, kwa sababu turbo inayosukuma hewa katika injini huzunguka kwa kasi kubwa mno na hulainishwa na oili hiyohiyo. Baada ya mwendo mkali usizime mara moja. Acha injini ingurume polepole dakika moja au mbili turbo ipoe. Tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja na zilizolika sawasawa, la sivyo difu zitashindana zenyewe kwa zenyewe.

Labda utasema, "Mimi nina pikipiki tu." Vema. Hata pikipiki iliyotumika ina namba ya chasisi, ina oili, na yule anayeiuza aweza kuipasha moto kabla hujafika. Nenda na fundi unayemwamini, mchana, na fedha uziache nyumbani siku ya kwanza. Gari zuri litakungoja mpaka kesho. Na kama halikungoja, mabati ya mama yako yamesalimika.